Nesi Atupele na Mstari wa Kumi na Nne

Isome taratibu, halafu mtumie yeyote anayejiona amechelewa kujifunza.

Nesi Atupele alikuwa na miaka hamsini na miwili alipojiandikisha darasa la kompyuta la kila Jumamosi, katika chuo kimoja huko Tukuyu. Wenzake darasani walikuwa na umri wa wanawe. Walifundishwa kuandika programu kwa lugha ya C, na zoezi la mwisho lilikuwa hili: programu isome faili, kisha ionyeshe yaliyomo kwa safu zilizonyooka.

Atupele akaandaa faili la watoto arobaini wa zahanati yake: jina la mtoto, na uzito wake wa kila mwezi kwa miezi mitatu iliyopita.

Akaiendesha programu. Majina kumi na matatu yakatokea, kisha kimya. Akafuta, akaandika upya. Kumi na matatu tena! Mara ya tano akazima kompyuta, akachukua mkoba wake.

"Mama, mbona unaondoka?" aliuliza Mwalimu Kilasi, kijana mpole.

"Naenda nyumbani, Mwalimu. Kichwa hiki kimeshazeeka, hakiingii kitu."

Mwalimu akavuta stuli, akakaa kando yake.

"Akiletwa kwako mtoto analia, hajui kusema, unamrudisha nyumbani?"

"Hata! Nampima joto, namtazama masikio, nambonyeza tumbo, mpaka nijue panapouma."

"Basi na programu hii nayo haijui kusema. Hujaiuliza tu."

Akamwelekeza: programu, kila inaposoma mstari, itaje imesoma vitu vingapi kati ya vinne, yaani jina na uzito wa miezi mitatu. Atupele akawasha tena kompyuta, akaandika herufi moja moja.

Skrini ikajibu: "Mstari wa 14: nimesoma vitu 2 kati ya 4."

Akaufungua mstari huo. Palipotakiwa 6.1 alikuwa ameandika 6,1. Koma moja tu! Alicheka hadi machozi. Akairekebisha, akapanga na upana wa safu, nukta chini ya nukta. Watoto wote arobaini wakasimama kwenye mistari yao.

Mwalimu akapiga makofi. Lakini Atupele alikuwa ameacha kucheka. Kidole chake kilikuwa juu ya jina la Lusekelo: kilo 7.4, 7.0, 6.5.

"Huyu anapungua," alinong'ona. "Nimempima mwenyewe mara zote tatu, na sikuona." Kwenye daftari la zahanati, kila mwezi ulikuwa na ukurasa wake, namba hizo hazikuwahi kukaa pamoja.

Hakungoja alama za zoezi. Alasiri ileile alipanda kilima hadi nyumbani kwa kina Lusekelo. Mama wa mtoto, binti wa miaka kumi na tisa, alipomwona nesi mlangoni aliangua kilio. Maziwa yalikuwa yamemkauka, na aliona haya kusema.

Atupele akamkumbatia kwanza. Maswali yakafuata baadaye, kisha mpango wa kumlisha mtoto.

Mwezi uliofuata Lusekelo alipimwa tena: kilo 7.2.

Funzo: Usimkatie tamaa aliyekwama kimya, hata kama ni wewe mwenyewe. Kaa karibu naye, uliza kwa upole, hatua kwa hatua, mpaka ujue panapouma.