Kwa Nini Kanga Ana Madoa na Hana Kiota

Haya, tulieni. Anayetafuna muhogo atafune kimyakimya, maana nikikatizwa sirudii.

Zamani zile kanga alikuwa mweusi tii, hana hata doa moja, na hakuna ndege aliyemfikia kwa kusuka viota. Mnacheka nini? Nyinyi mnamjua huyu wa leo, wa kukimbiakimbia vichakani akipiga makelele. Wa siku zile alikuwa mtulivu. Ndege wengine hawakujua kusuka, kwa hiyo aliyetaka kiota alikwenda kwake, akakilalia, kisha akarudi kumwambia: kimenibana mabawa, au, kinavuja, au, ahsante mwenzangu, watoto wamelala. Kanga alisikiliza, akarekebisha, mambo yakaisha.

Aliyeleta balaa ni Kwarara, yule mwenye sauti ya kukera. Alichoka kungoja zamu yake huku wenzake wakieleza habari za mabawa yao. "Maneno yote haya ya nini?" akafoka. "Tumpakeni madoa! Aliyeridhika ampake safu ya madoa kumi, aliyeudhika ampake moja. Mwenye shida ya kiota atamtazama tu, atajua." Ndege wakapiga mabawa kwa furaha. Wakakoroga chokaa kwenye kigae, wakakiweka mlangoni pa Kanga, na kila mteja akawa anachovya mdomo na kumpaka safu yake.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Tai alimpaka kumi, Korongo akampaka tisa, na wateja wakafurika. Kanga akawa habanduki kwenye dimbwi, anajitazama, anageuka, anajitazama tena. Ndipo akaja Njiwa. Akachovya, akampaka madoa matatu chini ya bawa la kushoto, akaenda zake bila kusema neno.

Matatu! Matatu kwa kosa gani? Kiota kilikuwa kikubwa mno? Kidogo mno? Akaanza kunenepesha kuta za viota, akapakwa manane. Akazipunguza, akapakwa matano. Akabadilisha nyasi, akabadilisha mlango, akabadilisha tena. Usiku alijigeuza huku na huku, na kila alipofumba macho aliyaona yale matatu.

"Mke wangu, si uende ukamuulize?" mumewe akamwambia.

"Nimuulize nini? Matatu ni matatu! Au wewe huoni?"

Moyo wa mumewe haukutulia. Mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kujikusanya, na Kanga alikuwa mzito, siku zake za kutaga zimefika. Kiota cha mayai yake kilikuwa tayari, kimesukwa kwa ukindu laini aliouchagua yeye mwenyewe, na kila mara mumewe alikwenda kukitazama ili apate faraja.

Asubuhi moja akakuta hakipo. Loo! Kanga alikuwa amekifumua chote, ukindu wote ameusuka upya kuwa kiota cha Njiwa, kizuri kuliko vyote alivyowahi kusuka. "Akikiona hiki atanipaka kumi," akasema, pumzi zikimpaa. "Chetu nitasuka kesho." Akakibeba, akatoka mbio.

Alimkuta Njiwa ametulia juu ya kiota kile kile cha zamani, anaatamia. Kanga akatua mzigo, na kwa mara ya kwanza akauliza. "Dada, nakuomba uniambie. Yale matatu yalikuwa ya nini?"

"Matatu gani?" Njiwa akafikiri. "Aa, yale! Jamani, kiota chako sina neno nacho, nakilalia mpaka leo. Siku ile mume wangu alikuwa ameniudhi, nikachovya tu nipate kuondoka. Kwani uliyatilia maanani?"

Kanga alitaka kukasirika, alitaka kulia, na kabla hajachagua, mvua ikaanguka. Akakiacha kile kiota kipya palepale, akageuka mbio kurudi nyumbani, lakini uchungu ulimkuta njiani. Alitaga palepale kwenye nyasi, mvua ikimpiga mgongoni, akayafunika mayai kwa mwili wake huku akilia kwa sauti hata msitu mzima ukasikia.

Ndege wakaja. Walimwonea huruma kweli, msidhani hawakumwonea. Lakini walikuwa wamekwisha kusahau kusema na fundi wao. Mvua ilipokatika wakaleta kile kigae, na kila mmoja akachovya mdomo akampaka madoa ya pole, shingoni, mgongoni, tumboni, mpaka pakakosa nafasi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, "Mayai yamepona?"

Kanga hakusuka tena. Ndege wakalazimika kujifunza wenyewe, kila mmoja kwa namna yake, na wengine mpaka leo wanasuka ovyoovyo.

Na tangu siku hiyo kanga hutaga chini, kwenye nyasi, na hatulii mahali pamoja. Mwili mzima ni madoa: ya sifa yamo, ya ugomvi wa mume wa Njiwa yamo, ya pole yamo, na yote ni meupe. Mkamateni mumtazame mtakavyo, hamtajua lipi ni lipi. Yeye mwenyewe hajui.