Moshi wa Pilipili Kichwani mwa Kidawa

"Paukwa!"

"Pakawa."

Aa! Mnaitikia kama mmelishwa mihogo mikavu. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, sasa nimewasikia. Wewe uliye karibu na moto, sukuma hizo kuni, kisha uniache nisimulie.

Hapo kale, kale sana, paliondokea mfinyanzi mmoja, jina lake Kidawa, na ndani ya kichwa chake mlikuwa na mji. Msicheke! Kila kichwa kina mji wake, hata hicho chako kisichosikia. Wakazi wake ni wadogo mno, jicho haliwaoni. Walikuwamo walinzi, na mkubwa wao aliitwa Chonjo. Alikuwamo pia Mama Nyota, mlezi mwenye mikono mingi, kazi yake kulisha nyuzi. Maana kila alichokikumbuka Kidawa kilikaa kwenye uzi wake.

Sheria ya mji ilikuwa hivi: mlinzi akiona adui, achome pilipili. Na kila atakayesikia harufu ya moshi, naye achome zake, ili mji mzima ujue.

Siku moja Kidawa akashikwa na homa kali. Wadudu wa homa wakavunja lango, wakaingia. Chonjo akachoma pilipili. "Adui yumo! Adui yumo! Adui yumo!" Mama Nyota akachoma zake. Walinzi wakaja mbio, hata wale wanaozunguka katika mto wa damu wakapanda juu kusaidia. Wakapiga, wakatafuna, wakamaliza. Homa ikashuka.

Lakini moshi haukushuka. Chonjo alinusa moshi wa Mama Nyota, akachoma. Mama Nyota alinusa moshi wa Chonjo, akachoma. Walinzi macho yakawavimba, kila wanachokigusa wanadhani ni adui, wakaanza kukata nyuzi! Wakakata uzi wa njia ya kisimani. Wakakata uzi wa kuchanganya udongo. Wakaufikia uzi wa jina la binti yake.

Huko nje, binti aliketi kitandani kwa mama yake. "Mama, mimi ni nani?"

Kidawa akamtazama weee. "Samahani, bibie. Wewe ni mtoto wa nani?"

Binti akaangua kilio. Nani asingelia?

Kilio kile kikapita sikioni, kikafika mjini. Mama Nyota akashtuka, akamkimbilia Chonjo.

"Chonjo! Huyo adui umemwona kwa macho yako?"

"Leo?"

"Leo, ndiyo!"

"Leo sijamwona. Nachoma kwa sababu wewe unachoma."

"Looo! Na mimi nachoma kwa sababu wewe unachoma!"

Akaunyoshea kidole moto wa Chonjo.

"Basi zima," akasema Mama Nyota.

"Zima wewe kwanza. Mimi ni mlinzi. Nikizima kumbe adui yumo, mji umekwisha."

Mama Nyota aliogopa, tena sana. Hata hivyo akazimwagia maji pilipili zake, akatia udi kwenye chetezo, akafukiza. Harufu ya udi ikaenea uchochoro kwa uchochoro, na kila mlinzi aliyeinusa akashusha panga. Chonjo akasimama pale langoni akimngoja adui. Hakuja. Akangoja tena. Hakuja. Akangoja tena. Hakuja. Ndipo naye akazima.

Moshi ulipopungua akauona ule uzi wa jina, umebaki unyuzi mmoja tu. Akalia. "Nilikuwa nalinda nini mimi?"

"Ulikuwa unalinda mji. Sasa acha kulia, shika huku nifunge."

Wakazoa taka, wakaunga nyuzi. Uzi wa kisimani haukuungika, siwadanganyi. Njia hiyo Kidawa alifundishwa upya kama mtoto. Ule wa jina waliulisha, wakaulisha, wakaulisha.

Asubuhi moja binti akaleta uji. Kidawa akaonja, akakunja uso.

"Wewe Mwanakheri! Uji gani huu hauna hata sukari?"

Binti akacheka huku machozi yanamtoka. "Naileta, mama! Naileta sasa hivi!"

Na mimi hadithi yangu inaishia hapo, Mwanakheri akikimbilia sukari.