Mpaka wa Tano

Hapo zamani, nyumba ilipokuwa haitolewi hadi kila jirani autembee mpaka wake mbele ya mashahidi, na asiyeutembea akahesabiwa kuwa amesamehe haki yake, palikuwa na mwandishi wa hati katika mji wa Pangavuli, jina lake Mwinyi Dadi. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu waliotoa nyumba zao wakfu kwa chuo kikuu cha mji. Alikuwa na kanzu moja tu, na siku ya kuifua hakutoka nyumbani. Watu walimwona punguani kidogo, maana aliuliza swali moja mara tatu, tena alikuwa akilala kifudifudi njiani kutazama ukuta umeanzia wapi.

Ikawa siku ya Idi, Sultani Fakihi ameshiba na amefurahi, akasema mbele ya watu wote, "Nyumba yangu ya sokoni nimeitoa kwa chuo." Mwinyi Dadi akamwuliza mara tatu, kama ilivyo ada, naye mara tatu akajibu, "Nimeitoa." Wanafunzi, waliokuwa wakilala kwa zamu kwa sababu ya paa la chuo linalovuja, walilia kwa furaha.

Asubuhi yake Sultani akapita mbele ya nyumba ile, akautazama mlango wake wa nakshi, roho ikamuuma. Basi akamwita mwandishi.

"Mwinyi Dadi, nimetoa nyumba. Je, ardhi niliitaja?"

"Hukuitaja, Maulana," akajibu, na moyo ukamshuka, kwani katika nchi ile nyumba iliweza kuwa ya huyu na ardhi ya yule.

"Basi nyumba ni yao na ardhi iliyo chini yake ni yangu. Na wahamie, ila asiikanyage mtu ardhi yangu. Ijumaa ikifika hawajaingia, nyumba itanirudia, nawe utaweka kalamu chini."

Mwinyi Dadi akarudi kwake, akamsimulia mkewe. Chuo kile ndicho kilichomfundisha kushika kalamu, naye alikipenda kuliko kanzu yake. Mkewe akamtazama akasema, "Andika hati yako kama siku zote, bwana wee. Kwani unajua kitu kingine?"

Ijumaa watu wakajaa sokoni, naye Sultani akaja kutazama. Muuza halua akautembea mpaka wa kaskazini, imamu wa kusini, mjane mfinyanzi wa mashariki, mfua shaba wa magharibi. Watu wakadhani yamekwisha, lakini Mwinyi Dadi akachovya kalamu.

"Mpaka wa tano," akasema. "Chini, nyumba imepakana na ardhi ya Maulana. Tunamwomba jirani autembee mpaka wake."

"Niutembee wapi?" akauliza Sultani.

"Baina ya nyumba na ardhi, Maulana." Akalala kifudifudi, akachungulia chini ya ukuta. "Pamebana kidogo. Lakini Maulana akivua joho na kilemba, huenda akapita."

Muuza halua akashikwa na kikohozi. Sultani akautazama ukuta, kisha akalitazama tumbo lake.

"Sheria hii ameiweka nani?"

"Marehemu babu yako, Maulana. Mipaka yake yote aliitembea mwenyewe, hata ule wa matopeni."

Mara tumbo la Sultani likaanza kutikisika, kisha mabega, akacheka hata kilemba kikamwangukia mkononi.

"Andika kwamba jirani wa chini ameshindwa kupita, amesamehe."

"Amesamehe, Maulana?"

"Amesamehe."

"Amesamehe?"

"Nimesamehe, mtu wewe, chukua ufunguo kabla sijauliza kama paa nililitaja."

Wanafunzi wakaingia kwa vishindo, na adhuhuri ile ile wakajinyoosha sakafuni wote pamoja, pasipo zamu. Naye Sultani akaagiza iletwe kanzu mpya ya hariri, akasema, "Hii, Mwinyi Dadi, nimekupa."

Mwinyi Dadi akaipokea kwa adabu, akaigeuza huku na huku, kisha akachovya kalamu.

"Pamoja na mikono yake, Maulana?"