Ng'ombe wa Kabula na Ndege ya Wagonjwa

Hapo zamani, si ile ya mazimwi bali zamani ya juzijuzi tu, halmashauri ya Nyakasindi ilikuwa na uwanja wake wa ndege. Msiucheke. Ulikuwa na njia ya kurukia ya changarawe, banda la abiria lisilo na benchi, na choo ambacho ufunguo wake ulikaa kwa mhasibu mjini. Uzio ulikwisha kung'olewa na wenye shida zao. Mashine ya kukata nyasi haikuwepo, basi halmashauri ikamruhusu mjane mmoja, Kabula, alishe ng'ombe wake pale kwa ada ndogo. Nyasi zikawa fupi, ng'ombe wakanenepa, wakubwa wakajipongeza.

Ndege ikija, mlinzi Masunga alimwita Kabula, Kabula akapiga mluzi, ng'ombe wakatoka wote. Mluzi wa mtu mwingine hawakuujali.

Meneja wa uwanja, Bwana Mhoja, alikuwa na amri moja: ndege ambayo haijalipiwa ushuru wa kutua isiondolewe ng'ombe.

Siku moja Minza, binti pekee wa Kabula, alijifungua mtoto wa kike katika hospitali inayopakana na uwanja. Mtoto salama, lakini damu ya mama ikakataa kukoma. Daktari akaita ndege ya wagonjwa. Kabula akawaacha ng'ombe malishoni, akakimbilia kwa mwanawe.

Ndege ikaja. Ng'ombe wamejilaza katikati ya njia. Masunga akapiga simu.

"Mkuu, ndege ya wagonjwa imefika."

"Ushuru umelipwa?"

"Sijui, mkuu."

"Basi subiri nikuambie."

Ndege ikazunguka, Masunga akasubiri. Ikazunguka tena, akasubiri.

Hospitalini Kabula aliusikia mngurumo, akajua ni ng'ombe wa nani waliolala pale. Akainuka. Minza akamshika mkono. "Mama, usiniache." Akaketi. Ndege ikapita tena juu ya paa, akainuka tena. "Mama, naogopa." Akaketi, akajiambia Masunga yupo, atawafukuza.

Daktari akalipa ushuru kwa fedha yake, na Mhoja akatoa ruhusa. Masunga akamwita Kabula, asimwone, akaingia na fimbo. Ng'ombe wakatawanyika, wakarudi, wakatawanyika, wakarudi. Ndege ikabakiwa na mafuta ya kurudia kwao tu, ikageuka ikaenda zake. Minza alikata roho akiwa bado ameshikilia mkono wa mama yake.

Huko kwao, siku ya kuanua matanga, mfiwa mwenye nyumba huwapa waombolezaji mkono mmoja mmoja. Anayenyimwa mkono hakanyagi tena nyumba ile. Na mjukuu wa Kabula, kitu pekee alichoachiwa na Minza, alikuwa analelewa katika nyumba ile.

Shija, mume wa marehemu, akasimama. "Mmoja nitamnyima, yule aliyesababisha kifo cha mke wangu. Semeni, nimjue."

Mhoja akasema, "Ndege zilipokuwa zikitua bure, hatukuwa na fedha hata ya kifusi. Moja ikaingia shimoni, rubani akafa. Bila ushuru, daktari asingekuwa na uwanja wa kuitia ndege."

Masunga akasema, "Mwezi uliopita niliondoa ng'ombe bila ruhusa, nikakatwa mshahara, wanangu wakalala njaa. Safari hii niliambiwa nisubiri. Nilisubiri."

Ikabaki zamu ya Kabula. Hakuna aliyejua habari za kuinuka kwake, na angeweza kunyamaza. Alimfikiria yule mtoto mle ndani.

"Mwanangu Shija," akasema, "ng'ombe ni wangu, na mluzi ni wangu. Ndege niliisikia. Niliinuka mara mbili, nikaketi mara mbili. Aliniomba nisimwache."

Shija akawakabili wote watatu, macho mekundu, mkono ameunyoosha nusu. Ndani mtoto akaanza kulia.

Haya, ninyi hodari wa kuhukumu mambo ya wenzenu: mkono wa Shija ulistahili kumpita nani?