Shikamoo ya Bi Atupele

Palikuwa na sultani mmoja wa mji wa Kitondo, akiitwa Shungi, na jina alilopewa na mama yake halikumtosha. Akajipa jingine: Baba wa Nchi. Likapigiwa mbiu mitaani. Atakayesema na Sultani asimwite Baba wa Nchi, bakora sita, awe tajiri, awe hohehahe. Muuza maziwa mmoja alipiga chafya katikati ya salamu, jina likamponyoka. Mpaka leo anakaa upande.

Sasa, katika mji huo alikuwapo mfinyanzi, Bi Atupele, mjane kutoka bara, mwendo wa mwezi mzima kwa miguu. Alikuja na watoto wawili, Sekela kamshika mkono, Ambakisye kambeba mgongoni. Mitungi yake ilipoza maji hata jua likiwa utosini, na jumba la Sultani lilikuwa halinywi maji ya mtungi mwingine. Sheria ya Kitondo ilisema: mgeni akifikisha miaka saba, ale kiapo mbele ya Kadhi awe mwananchi. Asiyeapa, aende zake.

Miaka saba ikatimia. Bi Atupele akaenda barazani kwa Sultani, akaapa, Kadhi akagonga mhuri. Akageuka kuondoka, huku Sekela, huku Ambakisye. Sultani akakohoa.

"Wewe umekwisha kuwa mwananchi. Na hao wageni wawili?"

"Wageni gani, Baba wa Nchi?"

"Hao uliowashika. Miaka yao saba imekwisha nao hawajaapa. Ijumaa msafara unarudi bara. Waondoke nao."

Bara kwenyewe hakukubaki mtu. Ndugu wa Bi Atupele waliisha kwa ndui, nyumba ikaota magugu. Watoto wale wangepokewa na nani, na fisi?

"Basi waapishwe, Baba wa Nchi."

Kadhi akatikisa kilemba. "Mtoto haapi, mama. Kiapo cha asiyebaleghe ni povu la sabuni."

"Basi wangoje wabaleghe."

"Hawawezi kungojea humu. Hawajaapa."

Jamani, kuna ujinga wa mtu asiyejua, na kuna ujinga ulioandikwa kwa wino ukagongwa mhuri. Huu wa pili ndio unaouma. Bi Atupele alihisi viganja vinamwasha, maana mkono uliozoea kuponda udongo hutaka cha kuponda. Lakini mfinyanzi anajua: udongo haugombezwi, udongo hukandwa. Akavuta pumzi.

"Kadhi wangu, hawa waliapa lini kuwa wageni?"

"Hawakuapa. Ni wageni kwa sababu wewe mama yao ulikuwa mgeni."

"Kumbe ugeni wao ni huu wangu, nilikuja nao nikawagawia. Mimi wangu nimeutua leo hapa mkekani kwako. Wao wameupata wapi mwingine?"

Kadhi akafunua kitabu chake. Akakifunga. Akajikuna kidevu.

"Maneno ya gengeni hayo!" Sultani akafoka. "Amri ni amri!"

"Sawa, Baba wa Nchi. Swali moja tu, halafu nikawafungie mizigo yao. Mimi sasa ni nani?"

"Mwananchi."

"Maana yake?"

"Mwana wa nchi! Neno lenyewe si linajieleza?"

"Na hiyo nchi, baba yake nani?"

"Mimi!" Sultani akatutumua kifua.

Bi Atupele akapiga magoti, akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Shikamoo, babu."

Nyuma kabisa mtu mmoja akacheka, akasingizia kikohozi.

"Babu wa nani?" Sultani akauliza.

"Wangu. Nchi mwanao, mimi mwana wa nchi. Basi mimi mjukuu wako, na hawa ni vitukuu wako. Sekela! Ambakisye! Mwamkieni babu."

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba," Sultani akaitikia.

Loo! Ulimi ulikimbia kabla ya akili kuvaa viatu. Lakini nani aliyelelewa akaacha shikamoo ya mtoto ianguke chini?

"Kadhi, umesikia? Ameitikia!"

"Nimeteleza!" Sultani akaruka kitini. "Mwanamke, una mvi kunishinda mimi! Nikuzalie mama yako lini?"

"Ule mlima nyuma ya jumba lako una miaka mingapi, babu? Nao si umo katika nchi uliyoizaa? Mtu aliyeweza kuzaa mlima ashindwe na mfinyanzi?"

"Unanikejeli!"

"Nakutania. Tangu lini mjukuu akashtakiwa kwa kumtania babu yake?"

"Basi mimi si baba wa nchi! Umesikia? Si baba wa nchi hata kidogo!"

"Haya." Bi Atupele akajipangusa magoti. "Kadhi wangu, mtu akilikataa jina hilo hadharani, bakora ngapi?"

Kadhi akaangalia dari. "Asiyelitamka, sita. Anayelikataa… hatujawahi kupata."

"Na mbiu ilimtoa mtu yeyote katika adhabu hiyo?"

"Haikumtoa mtu."

Kule pembeni, mwenye bakora akasimama. Si kwa ubaya, maskini. Alisikia "sita" akainuka kwa mazoea.

Sultani akamwona. Akaketi taratibu, kama mtu anayekalia yai.

"Waandike," akamwambia Kadhi.

Kadhi akaandika Sekela, akaandika Ambakisye, akagonga mhuri mara mbili. Bi Atupele akaupuliza wino ukauke, akakunja hati, akaitia kifuani, akawashika wanawe mikono. Alikuwa amefika mlangoni Sultani aliponung'unika nyuma yake:

"Mji huu una wageni mia tatu. Kila atakayeapa ataniletea na watoto wake! Nitakuwa na vitukuu wangapi mimi?"

Bi Atupele akageuza shingo.

"Hilo, babu, ungelifikiria kabla ya kuizaa nchi."