Mume Asiyetajwa Jina

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kuwa kitu kizuri hakihitaji kupigiwa debe. Watu hukifuata wenyewe kilipo. Ukweli wa maneno haya aliuona Visalakshi, mwanamke wa kwanza kuongoza filamu katika studio moja ya Madras, kusini mwa India, tena aliuona kwa macho yake mawili.

Kwa miaka kumi na minne Visalakshi alikata na kuunga filamu za wanaume katika chumba kisicho na dirisha. Kasoro zao zote alizijua, naye alizinyamazia. Siku alipoomba kuongoza filamu yake mwenyewe, wakubwa walicheka hadi mbavu zikawauma. Mwishowe walimpa kamera iliyochoka na sharti moja: filamu yake ikiondolewa ukumbini kabla ya juma moja kwisha, atarudi kwenye mkasi wake na asiombe tena kuongoza filamu maishani. Visalakshi alikubali.

Filamu ilipelekwa katika mji wa Kumbakonam, kwenye ukumbi wa Mzee Muthaiya Chettiar. Siku hiyohiyo mzee alipokea filamu nyingine, ya bwana mmoja aitwaye Rangadurai, iliyojaa vita, farasi na masharubu. Aliamua zote mbili zianze Ijumaa, kisha Jumapili jioni abakize moja tu. Rangadurai alipewa saa za jioni. Visalakshi alipewa saa nne na nusu asubuhi.

"Ijumaa saa nne na nusu, Mzee?" Visalakshi aliuliza. "Hiyo si saa ya Rahu?"

"Ndiyo iliyobaki, mwanangu. Mwingine hakuitaka."

Nani angeitaka saa ya nuksi? Katika mji ule, saa ya Rahu mtu haanzi safari, haposi, hata ufagio mpya hanunui.

Rangadurai alikuwa amekwisha kukodi tarumbeta, ngoma na tembo wa kuvishwa mabango. "Dada, rudi kwenye mkasi," alimtania. "Filamu bila tembo ni wali bila mchuzi."

"Wangu una chumvi, kaka. Utauonja," alijibu Visalakshi. Moyoni, hata hivyo, alikuwa na hofu tele.

Ijumaa walikuja wanawake kumi na mmoja tu. Waliongozwa na Pechiamma, muuza asumini wa mlango wa hekalu. "Mimi nilizaliwa saa ya Rahu," alisema akikata tiketi. "Ingekuwa inaua, ningekufa siku hiyohiyo."

Filamu yenyewe ilimhusu mwanamke aliyepotelewa na mumewe sokoni, akaenda kituo cha polisi kutoa taarifa. Polisi akauliza jina la mume. Mwanamke akanyamaza, kwani mke mwenye adabu hamtaji mumewe kwa jina. "Ni ule mlima, bwana polisi," alisema hatimaye, "ambao mungu kijana alikwenda kununa aliponyimwa embe." Polisi aliandika: Bwana Mlima.

"Palani!" walipiga kelele wanawake ukumbini, kwani mlima huo kila mtu aliujua, na wanaume wengi huitwa kwa jina lake. "Mwambieni huyo mjinga, ni Palani!" Mmoja tu hakusema kitu. Mumewe mwenyewe aliitwa Palani, basi alijiziba mdomo kwa ncha ya sari huku machozi ya kicheko yakimtoka.

Kesho yake, kwenye foleni ya bomba la maji, habari nyingine haikuzungumzwa. Jumamosi ukumbi ulijaa nusu. Tembo wa Rangadurai alipita na tarumbeta zake, lakini alipofika mlangoni mchungaji wake alisikia vicheko, akamfunga mnyama kwenye nguzo, akaingia ndani. Tembo alibaki nje na mabango yake.

Jumapili ndipo mambo yalipochacha. Wanaume waliokuwa wakipumzika nyumbani waliamka kitandani, wakakuta majiko baridi na mchele haujaoshwa. Bwana Natesan, karani wa posta, alitangulia hadi mlango wa ukumbi na kuita gizani:

"Wewe! Twende nyumbani, njaa inaniuma!"

Wanawake mia tatu waligeuka, kisha wakarudisha macho mbele.

"Anamwita nani?" mmoja aliuliza.

"Si mimi. Wangu ana sauti nzito."

"Mwite kwa jina, bwana," alishauri Mzee Chettiar.

Natesan alikuna kichwa. Kwa miaka ishirini alikuwa amemwita mkewe "wewe", kama baba yake alivyomwita mama yake, na kulitaja jina lake mbele za watu aliona haya.

"Basi kata tiketi ukamtafute," alisema mzee.

Natesan alikata, akaingia, akaketi kidogo ili macho yazoee giza. Kwenye filamu, polisi alikuwa ndiyo kwanza anafungua daftari. Haukupita muda, karani alikuwa amesimama, ngumi juu. "Palani, bwana! Andika Palani!"

"Kaa chini, wewe," ilisema sauti aliyoijua vyema nyuma yake. "Unaniziba."

Wanaume wengine walifuata kwa njia ileile, na hakuna aliyetoka kabla ya mwisho. Jioni ile Mzee Chettiar alibandua mabango ya Rangadurai kwa mikono yake. Filamu ya Visalakshi ilikaa majuma kumi na moja.

Tangu hapo aliongoza filamu kumi na tisa, na mkasi aliushika kwa kupenda tu. Aliwafundisha kazi wasichana wengi. Mmoja wao, Poongodi, alikwenda kumgusa miguu kuomba baraka kabla ya filamu yake ya kwanza.

"Mama, nikodi tembo?" aliuliza.

Visalakshi, mvi kichwa kizima, alicheka. "Kodi, mwanangu. Kisha mpe mchungaji wake tiketi, uone kama atabaki nje."

Poongodi hakukodi. Alikwenda kuikata upya filamu yake, kwa kuwa alikuwa ameelewa: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.