Sahani ya Ishirini

Sogeeni karibu, na anayetafuna aache kwanza, maana hadithi hii inataka vichwa vyenu. Mimi imenishinda mwaka wa pili huu.

Huko kwenye miteremko ya Upare walikuwapo watu watatu. Bibi Mwajabu alijua kutunza mbegu. Maharage yake hayakupata kubunguliwa hata siku moja. Mzee Mbonea alijua maji, angeweza kukuambia mfereji umevuja wapi huku yeye amelala kitandani. Eliapenda, mjane, alijua ng'ombe, na huyo mmoja aliyekuwa naye alimtunza kuliko watoto wengi wanavyowatunza mama zao.

Wa nne ni Nakunda, ambaye kipaji chake kilikuwa kushindwa kusema hapana. Aliendesha shamba la kulisha wazee ishirini wasio na mtu, shamba lisilojua dawa ya sumu wala mbolea ya chumvichumvi. Jumamosi watoto wa shule walikuja kujifunza kuozesha samadi na majani, kisha wakawapakulia wazee chakula. Sahani zilikuwa ishirini, zimejaa. Mwaka mmoja wa nyuma Nakunda alizigawa nusu nusu ili zienee watu arobaini. Wote waliondoka na njaa, na wawili wakaugua wasiinuke tena. Tangu siku hiyo ikawa sheria kwamba sahani haigawanywi.

Basi mvua za vuli zikagoma. Nakunda akapika akiba, akapika, hadi siku alipofunua pipa na kukuta amepika hata mbegu. Masika nayo yakaja kwa manyunyu tu. Akajifunga kanga, akaenda kuomba.

Kwa Bibi Mwajabu kulikuwa na kibuyu kimoja cha maharage yaliyochanganywa na majivu. "Chukua, mwanangu," alisema bibi. "Wazee wenzangu wasife, nami nimekalia mbegu." Nakunda akashukuru, akaenda zake.

Kwa Mzee Mbonea aliomba maji. Mzee alikuwa na zamu yake kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji ambalo kila mtu hufunguliwa maji yake kwa siku yake. Akampa zamu zake zote, wiki sita. "Mahindi yangu ni magumu, yatavumilia," alisema, na alijua fika kwamba hakuna mahindi magumu kiasi hicho. Nakunda akashukuru, akaenda zake.

Eliapenda hakungoja hata kuombwa. Alipoona jua linaunguza udongo chini ya miche, alifyeka mabingobingo yake yote, chakula cha ng'ombe, akayatandaza shambani ili unyevu usipotee. Nakunda akamkumbatia kwa furaha. Hakumuuliza ng'ombe atakula nini.

Maharage yakazaa. Bila mbegu yasingeota, bila maji yasingekua, na bila yale majani maji yangekauka kabla ya adhuhuri. Mavuno yakatosha sahani ishirini hadi msimu mwingine, bila hata punje ya ziada.

Mwezi uleule mzee mmoja alichukuliwa na binti yake kwenda kuishi Same, na nafasi yake ikabaki wazi.

Jumamosi iliyofuata, Bibi Mwajabu alitokea. "Nimefuata kibuyu changu tu." Akaja Mzee Mbonea, eti kutazama mfereji. Akaja Eliapenda, eti kusalimia. Kibuyu kikarudishwa, mfereji ukatazamwa, salamu zikaisha, na hakuna aliyeondoka. Walikaa kwenye benchi, wameyapa masufuria mgongo.

Nakunda akaanza kuelewa. "Mzee, mahindi yalitoka?"

"Mabua yalitoka. Nimewapa mbuzi wa jirani."

"Na ng'ombe, Eliapenda?"

"Alianguka, dada, hakuinuka tena. Usijali."

Bibi Mwajabu hakungoja zamu yake. "Mimi sikupanda, mwanangu. Ningepanda nini?"

Aibu ilimshika Nakunda. Hawa ndio waliowalisha wazee wake, naye kazi yake ilikuwa kushukuru tu na kuondoka. Angetoa sahani yake, lakini hakuwa nayo. Siku nyingi alikuwa akila ukoko. Angemnyang'anya mzee mmojawapo? Yupi, sasa? Laiti katika kila nyumba angeuliza swali moja tu: na wewe umebakiwa na nini? Alijuta kwa moyo wake wote, na majuto hayo hayakuongeza hata kijiko kimoja cha maharage.

Binti wa darasa la nne aliyekuwa akipakua akaja na sahani ya ishirini, inafuka mvuke. "Mama Nakunda, hii nimpelekee nani?"

Pale kwenye benchi, watatu wale walitazama chini, kila mmoja akijifanya hakusikia.

Haya, wasikilizaji, chakula kinapoa na mtoto amesimama. Je, wewe ungempa nani: mwenye mbegu, mwenye maji, au mwenye majani? Na ukishampa, wale wawili waliobaki utawaambia nini?